Msafara wa Jua Kwenye Stoo ya Tumbaku

Kama unasoma haya ukiwa umelala, usiinuke. Mimi pia sehemu kubwa ya mambo haya niliyaishi nikiwa chali. Na kama wewe ndiye mzima, na mgonjwa wako yuko chumba cha pili, msomee kwa sauti. Ukifika kwenye habari za choo usiruke. Wagonjwa tunazipenda kuliko mnavyodhani.

Naitwa Kalunde. Nasoma kidato cha tatu kwa mara ya pili, pamoja na wadogo zangu kiumri wanaoniita Bibi. Kwetu ni kijijini, Urambo: nyumba ya bati, mabani mawili ya kukaushia tumbaku, stoo ya kutunzia majani, na Baba. Baba akikutazama usoni kwa muda mrefu usidhani anakupenda; anakadiria unyevu wako. Ni mkulima wa tumbaku tangu utoto na kila kitu duniani anakielewa kupitia jani. Mama akipika ugali ukaungua, Baba anasema moto ulipanda haraka. Padri akihubiri mpaka watoto wakalala, Baba anatoka kanisani akisema mahubiri yale yangekuwa jani, yangerudishwa bani.

Ugonjwa wangu ulianza wakati wa kuvuna. Nilipata vivimbe viwili shingoni, kimoja kila upande, haviumi. Nikaviita Kulwa na Doto, maana ndivyo pacha wanavyoitwa kwetu. Kilipotokea cha tatu kwapani nikakiita Shija, kama mila inavyotaka kwa mtoto anayewafuata mapacha. Mama alicheka mpaka nilipoanza kuamka asubuhi shuka limelowa jasho kama limetoka kufuliwa, na sketi ya shule ikawa inazunguka kiunoni peke yake.

Hospitalini Mwanza walimkata Shija wakampeleka maabara. Majibu yakaja: saratani ya mitoki, na ilikuwa imeshasambaa. Daktari, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, akasema ni hatua ya nne. Nikamuuliza kama kuna ya tano na ya sita, maana kwetu shuleni watu huendelea. Akasema hakuna, na kwamba kwa saratani yangu hatua ya nne bado ina dawa, tena dawa ya kuponya, ila ni ndefu na haina adabu. Hilo la adabu aliniambia ukweli mtupu.

Basi nikaanza kuhesabu maisha kwa dripu. Dripu ya kwanza, mabani yalikuwa bado yanatoa moshi. Ya pili, Mama na wenzake walikuwa wanapanga majani kwa madaraja. Ya tatu, marobota ya tumbaku yalikuwa yameshaenda sokoni. Kila mara tulipanda treni Urambo, tukashuka Tabora, tukasubiri, tukapanda ya Mwanza. Reli ya Urambo hadi Tabora karibu yote imelala juu ya njia ya misafara ya zamani, ile tuliyosoma kwenye historia, wapagazi wa Kinyamwezi wakibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Pwani. Mimi nilibeba ndoo ndogo ya kutapikia.

Bibi Ng'washi tulimpata ndani ya treni hiyo ya Mwanza. Alipandia Bukene na kifurushi cha mchele, akaketi mbele yangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaitazama kanga niliyojifunga kichwani, halafu akafunua kilemba chake kidogo. Alikuwa na upara unaong'aa kuliko wangu.

"Mke mwenza," akasema, "mume wetu atatutofautishaje?"

Ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu, hata kama hawajawahi kuonana. Saratani yake ilianzia kwenye titi, ikawa imeshafika kwenye mifupa. Aliisema kama mtu anayekutajia vituo vya treni. Tangu siku hiyo tukawa tunapangiwa tarehe moja, tunakaa benchi moja, yeye akiniuliza kama mume wetu amenitumia salamu, mimi nikimwambia amenitumia mimi tu.

Dawa ilinibadilisha ngozi. Viungo vya vidole vikawa vyeusi kama nimeokota makaa, kucha zikapata mistari, na ulimi ukawa unaonja kila kitu kama msumari. Samaki sikumtaka. Mayai yalininukia. Nilikunywa uji, nikarudi kulala. Nesi akatuonya nisikae kwenye jua kali la mchana, maana ngozi ya mtu wa dripu inaungua upesi, na nisikaribiane na wenye mafua. Maneno mawili hayo tu. Baba aliyabeba hadi Urambo, na njiani yakaota majani.

Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja stoo. Ilikuwa tupu, msimu umeisha. Akafagia, akapiga deki kwa sabuni, akaning'iniza magunia ya juti kwenye dirisha moja lililopo, na mengine mlangoni. Kisha akahamishia kitanda changu humo. Mama aliposema humo mnanuka tumbaku, Baba alimjibu taratibu, kwa sauti anayofundishia vibarua wapya.

"Jani likitoka bani ni kavu, ukiligusa linavunjika. Halipelekwi juani, halipelekwi kwenye upepo. Linawekwa gizani, linatulia, linarudisha unyevu wake. Huyu ametoka kwenye moto. Tumwache atulie."

Mgonjwa wa saratani nikalazwa kwenye stoo ya tumbaku. Mnaona wenyewe. Lakini nani angebishana naye? Alikuwa na uso wa mtu aliyepata hatimaye kitu anachokijua katika jambo asilolijua kabisa.

Humo ndani palikuwa pazuri, nisiwadanganye. Pana baridi ya chini ya mti, pana harufu tamu nzito kama asali iliyosahaulika. Bati la stoo ni la zamani, liliwahi kuezeka nyumba nyingine, kwa hiyo lina mstari wa matundu ya misumari kutoka huku hadi huku. Asubuhi jua likitoka, vidoti vya mwanga vilitokea juu ya ukuta wa magharibi, vimejipanga kimoja nyuma ya kingine. Taratibu vikashuka ukuta. Mchana vikavuka sakafu na kupita juu ya blanketi langu. Jioni vikapanda ukuta wa mashariki, vikafifia, vikaondoka.

Siku ya kwanza nilijua ni matundu ya misumari. Siku zilizofuata sikuwa na hakika sana.

Walikuwa wapagazi. Walitoka upande wa Ujiji kwenda Pwani, kila siku, bila kelele. Nilianza kuwatofautisha. Kulikuwa na mnene aliyetokana na tundu lililopanuka, na mmoja mwembamba aliyechelewa daima. Nilisikia njuga za kiongozi wao miguuni, ingawa Mama alisema ni mbuzi wa jirani. Nikawauliza wamebeba nini. Wakasema marobota ya baba yako. Nikawauliza wamelipwa shilingi ngapi kwa kilo, wakacheka wote, ukuta mzima ukatetemeka, kumbe ni upepo umetikisa bati. Mchana walipofika juu ya blanketi nilitoa ulimi ili yule mnene apite juu yake. Alikuwa na joto kidogo. Nilifunga mdomo nimshike, nikalala, nikaota nimembeba tumboni hadi Bagamoyo.

Nilikaa hivyo dripu ya tatu, dripu ya nne. Kulwa na Doto walikuwa wamesinyaa mpaka nawatafuta kwa kidole. Ilipaswa iwe furaha. Ndipo mifupa ikaanza.

Haikuanza kwa kishindo. Ilikuwa kama mtu amekaa juu ya mapaja yangu na hataki kuondoka. Halafu mbavu zikauma nikigeuka, kiuno kikauma nikikohoa, miguu ikawa mizito kama nimevaa buti za askari. Siku moja nikaenda choo chetu cha shimo, nikachuchumaa, nikamaliza shughuli, na nikashindwa kuinuka. Si kwa kizunguzungu. Mapaja yaliambiwa yanyanyuke, yakakataa, kama punda wa mkokoteni aliyeona kona. Nilikaa pale nikiimba nyimbo zote za kwaya ninazozijua ili Mama asikie bila mimi kuita. Alisikia kwenye wimbo wa Bikira Maria. Alininyanyua kwa kunikumbatia kutoka nyuma, na sote tukacheka. Halafu yeye akaacha kucheka kwanza.

Kwa sababu wote tulikuwa tunamjua Bibi Ng'washi. Wote tulijua saratani ikifika kwenye mifupa inafanyaje. Mama alianza kunipa nyama ya kuku kila nilipofungua mdomo, hata nikipiga miayo. Wanajumuiya wa kanisani walikuja kusali, wakasimama nje ya magunia wasije wakaniambukiza mafua, na walipoimba, mmoja alianzisha wimbo ambao sisi huuimba makaburini. Mwenzake akamfinya. Nilisikia kimya cha kufinywa.

Tarehe ya dripu ya tano ilipokaribia, Baba hakwenda kuulizia treni. Jioni alikuja akaketi kwenye sakafu ya stoo, mgongo ukutani, msafara ukiwa unamalizikia juu ya kichwa chake. Akaniambia tiketi hazina haraka. Akaniambia safari inachosha. Akasema mtoto akichoka na yeye mzazi akaona, basi ni dhambi kumburuta.

Nikaelewa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na baba yangu alikuwa ananiomba ruhusa ya kuniacha nife nyumbani, kwa upole, kama anavyozima moto wa bani: anavuta ukuni mmoja mmoja.

Kwa hiyo nikasema la kipuuzi.

"Baba, nikifia humu, nitabaki humu. Kila msimu ukileta majani, nitapiga chafya. Wanunuzi wataambiwa stoo yako ina mzimu wenye mafua."

Aliinamisha kichwa. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichotoka kama kikohozi, na machozi yakaja baadaye kidogo.

"Na pia," nikasema, "mke mwenza wangu ananisubiri Mwanza. Nipeleke nikamuage vizuri."

Asubuhi alienda stesheni.

Ngazi ya treni ilinishinda. Baba alinibeba mbele ya abiria wote kama robota, nami nikawapungia mkono. Bukene, Bibi Ng'washi alipandishwa na wajukuu wawili. Naye alikuwa amedhoofika sana. Alikaa akijishikilia kwa mikono yote miwili. Alinitazama miguu, akanitazama uso, na kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za mume.

Mwanza tukasubiri kwenye benchi lile lile. Daktari alifika, akaniona ninavyojaribu kusimama kumwamkia na kushindwa, akachuchumaa yeye. Akaniminya mbavu, akaniminya ugoko. Niliruka. Nilijua anachotafuta. Badala yake akauliza kitu cha ajabu.

"Mchana huwa unakaa wapi?"

Kabla sijajibu, Baba alivua kofia na kujibu. Aliieleza stoo yote. Juti dirishani, juti mlangoni, maji anayonyunyiza sakafuni ili hewa isikauke, jua lisivyopata hata pa kuchungulia. Alieleza kwa fahari, kama mtu anayefungulia wanunuzi robota la daraja la kwanza. Daktari alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

Ni Bibi Ng'washi aliyetangulia kuuliza.

"Yaani mmemhifadhi kama tumbaku?"

"Ndiyo, mama."

"Mlipanga kumuuza msimu gani?"

Korido nzima ilicheka, hata mzee aliyekuwa na mpira puani. Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama daktari, na nadhani alikuwa ameanza kuhisi.

Walinitoa damu, wakanipiga picha. Kusubiri majibu ya picha ya mifupa yako ni kazi, jamani, na mtu akikwambia usiwaze mpige na chochote kilicho karibu. Mimi nilifumba macho nikawaita wapagazi wangu. Walikuja, wakapita kwenye ukuta wa rangi ya maziwa wa hospitali, lakini walikuwa wamepauka.

Daktari alirudi, akaketi nasi benchini badala ya kutuita ndani. Akasema saratani haijafika kwenye mifupa. Picha zilikuwa nzuri kuliko za mwanzo. Ila damu yangu haikuwa na vitamini D, au ilikuwa nayo kidogo kama chumvi ya kuomba kwa jirani. Akaeleza kwa ufupi, nami nafupisha zaidi: mwili huitengeneza kwa jua linapoigusa ngozi, mgonjwa wa saratani mara nyingi anaikosa, kwa sababu hali chakula, hatoki nje, amelala, na mtu akiikosa sana, mifupa inauma na mapaja yanagoma. Alisema huenda ilianza kupungua tangu nilipoanza kuumwa. Stoo ilimalizia tu.

Yaani nilikuwa nimepungukiwa jua. Mkoa wa Tabora. Mwezi wa Agosti.

Mama alipiga magoti pale pale koridoni. Baba alibaki ameketi, akizungusha kofia.

Daktari alinipa vidonge, akasema hivyo ndivyo vitakavyofanya kazi kubwa, na jua la asubuhi lisaidie, kidogo, si la mchana. Akamkazia macho Baba: jua si dawa ya saratani, wala vidonge hivi si dawa ya saratani. Dripu haziachwi hata moja. Na maumivu yoyote mapya asiambiwe jirani, aambiwe yeye, kwa sababu yeye hawezi kujua kwa kukisia, na sisi tulikuwa tumekisia mpaka tukakaribia kuzika.

Bibi Ng'washi naye alipimwa. Naye alipungukiwa. Lakini kwake mifupa ilikuwa na ugonjwa kweli, na daktari hakumficha: vidonge vingempa nguvu kidogo labda, ugonjwa visingeuondoa, na ile dawa yake ya maji ya maumivu asiipunguze.

"Sijaomba kuruka kamba," Bibi alisema. "Nataka niweze kukaa nje niwaone wanavyoanika mpunga. Nisipokuwepo wanalala, ndege wanakula."

Nilipokuwa natundikiwa dripu ya tano, Baba alikuja karibu na kitanda. Alinong'ona kama tuko kanisani.

"Nilikosea hatua. Nilikuhesabu umeshatoka bani. Kumbe bado uko kitaluni."

Sikuelewa vizuri mpaka tuliporudi nyumbani.

Siku hizo ndipo alipokuwa ameotesha mbegu za msimu mpya. Miche ya tumbaku ikiota ni midogo kama punje za mchicha, na kitalu chote hufunikwa nyasi kavu. Kisha mkulima anazipunguza nyasi kidogo kidogo. Ukizitoa zote siku moja mche unaungua, ukiziacha mche unarefuka kama uzi na kulala. Baba alitoa kitanda changu stoo, akakirudisha chumbani kwangu. Kila asubuhi aliniwekea kiti kando ya kitalu, kwenye kivuli cha bani. Alizoa nyasi konzi moja kutoka kitaluni, akasogeza kiti changu hatua moja kutoka kivulini. Jua likianza kukaza, ananirudisha ndani na kumwagilia miche. Kesho yake konzi nyingine, hatua nyingine. Hakusema anafanya nini. Mimi nilikaa nikisinzia na jua miguuni, nikisikia njuga, na safari hii walikuwa mbuzi wa jirani kweli.

Haikuwa muujiza. Wiki za mwanzo hakuna kilichobadilika isipokuwa hasira zangu. Kisha siku moja niligeuka kitandani na mbavu hazikunijibu. Siku nyingine niliinuka kiti bila kushika kitu, nikaketi tena, nikainuka tena, kama mtu anayesali misa peke yake. Choo nilikishinda wakati miche ina majani manne. Nilitangaza ushindi kwa sauti kutoka humo humo ndani, na jirani akanipongeza juu ya uzio.

Siku Baba alipozoa nyasi za mwisho, aliniambia nivue kanga kichwani. Nikavua. Alipitisha kiganja juu ya kichwa changu, akahisi nywele changa.

"Zimeota sawasawa," akasema. "Hakuna pengo."

Dripu ya mwisho niliipata mvua zikiwa zimeanza na miche imeshahamishiwa shambani. Picha zilipigwa tena. Daktari alizitazama kwa muda, akatabasamu, akasema nirudi baada ya miezi kadhaa kuangaliwa, na nirudi shule. Hilo la shule lilinishtua zaidi.

Bibi Ng'washi hakuwa amekuja. Alikuwa ameacha safari kwa hiari yake, anatibiwa maumivu tu, nyumbani. Alinitumia ujumbe kupitia mjukuu wake: treni ikisimama Bukene wakati wa kurudi, yeye atakuwepo, lakini hapokei salamu za dirishani.

Treni iliposimama, nilikuwa mlangoni tayari. Nikashuka ngazi, moja, nyingine, Baba nyuma yangu ametanua mikono kama anakimbiza kuku. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu yote miwili kaitoa juani, amekuwa mdogo kama mtoto.

"Shikamoo, mke mwenza."

"Marahaba. Umekuja na miguu ya nani?"

"Yangu."

"Geuka nione na nyuma. Watu wa Urambo mnapanga majani mazuri upande wa mnunuzi."

Nikageuka. Akaniita niiname, akanishika nywele, akazivuta kidogo kuhakikisha. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema anaumwa, lakini anaumwa akiwa nje, na ndege hawajala hata punje. Halafu treni ikapiga honi, na akanisukuma begani.

Ngazi ya treni bila jukwaa la maana iko juu, mnaijua. Baba aliniwahi kiunoni aninyanyue.

"Mwache," Bibi akasema.

Akaniacha. Nikaweka mguu, nikashika chuma, nikayaambia mapaja. Yalifikiri kidogo. Yakakubali.

Bibi Ng'washi alifariki wakati wa kuvuna. Mjukuu wake alinipigia, akaniambia asubuhi ile walikuwa wamemtoa nje kama kawaida, na aliwagombeza kwamba wameweka kiti kivulini.

Stoo sasa imejaa majani mapya. Juzi mvua za mwisho ziliingia kupitia yale matundu ya misumari, robota moja likalowa. Baba alipanda ngazi, lami na brashi mkononi, akasita, akaniita. Nilikuwa nimemwambia habari za wapagazi, zote, hadi za yule mnene. Akaniuliza kama anaweza kuziba.

Niliingia ndani nikawatazama. Walikuwa wanashuka ukuta wa magharibi, mmoja nyuma ya mwenzake, na yule mwembamba amechelewa.

Nikatoka, nikasimama uani, jua likanifika shingoni, pale Kulwa na Doto walipokuwa wanaishi.

"Ziba, Baba," nikamwambia. "Wameshafika."